Walinicheka kwa "nshitakiwa": somo la ubaguzi liwe lazima vyuo vya sheria?

#1 Chipukizi wa Naliendele
Salaam wanajukwaa. Niko Mtwara, huku Naliendele. Shahada ya sheria ninayo, kazi bado naitafuta, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Mwaka wa tatu tulikuwa na zoezi la mahakama ya kuigiza. Kwa kawaida hufanyika kwa Kiingereza, ila kwa vile sheria ya 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mwalimu akataka igizo moja liwe la Kiswahili. Nikavaa suti ya kaka yangu, mikono imefika kwenye kucha. Nikasimama: "Mheshimiwa hakimu, nshitakiwa hakuwepo eneo la tukio." Basi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aliyekalia kiti cha hakimu akavua miwani, akajifuta machozi, akasema: "Wakili msomi, huyo nshitakiwa mrudishe kwenye mikorosho, hapa tuletee mshitakiwa." Nami nikacheka. Ningefanyaje? Matokeo yalipobandikwa, kwenye hoja nilikuwa na 9 kati ya 10, kwenye matamshi 2. Chuo sikitaji, na mwalimu simtaji.

Sasa hoja yangu. Februari 2022 Chama cha Wanasheria wa Marekani kilipitisha sharti kwamba kila chuo cha sheria kinachotambuliwa nacho kiwafundishe wanafunzi habari za upendeleo, ubaguzi wa rangi na namna ya kufanya kazi na watu wa tamaduni tofauti. Sisi tunangoja nini? Wale waliocheka siku ile ndio mahakimu, mawakili wa serikali na maofisa sheria wa halmashauri wa leo. Hawakukiacha kicheko kile chuoni.

#2 TanuYajenga
Mleta mada, pole, lakini unaagiza tatizo la watu. Marekani walikuwa na utumwa na sheria za kutenga weusi na weupe. Sisi tuna Katiba ya 1977, ibara ya 13, watu wote ni sawa mbele ya sheria. Uliyofanyiwa ni utani tu. Mmakonde asipotaniwa atataniwa nani?

#3 ChaleTatu
"Nshitakiwa hakuwepo." Nimecheka mpaka ntu wa chumba cha pili kaja kuuliza nina nini. Njomba, 2 kati ya 10 umependelewa.

#4 BintiMikindani
Mimi ni wakili, nafanyia kazi Mtwara mjini. Kwanza namba 2, hiyo ibara ya 13 uliyoitaja isome mpaka kifungu kidogo cha 5. Kubagua kumepewa maana humo humo: kuwafanya watu wahesabiwe dhaifu au duni kwa sababu ya utaifa, kabila, *pahala walipotokea*, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Pahala walipotokea. Kurudishwa kwenye mikorosho ni pahala au si pahala?

Pili, mleta mada, usilikuze sana hilo sharti la Wamarekani. Si somo zima la muhula. Linataka mwanafunzi afundishwe hayo anapoanza masomo, na angalau mara moja tena kabla hajahitimu. Chuo kikiita mgeni mmoja saa mbili, kinaweza kudai kimetimiza. Na upepo umegeuka huko: Mahakama ya Juu yao ilipiga marufuku kutazama rangi katika udahili Juni 2023, na 2025 sharti jingine la chama hicho hicho, lile la kuingiza wanafunzi na walimu wa asili tofauti, utekelezaji wake ukasimamishwa. Kwa hiyo "wenzetu wameshafika" si kweli. Wanavutana.

#5 Mzee wa Mtanda
Vijana, shikamooni kwa pamoja, maana wengine humu najua ni wazee mmejificha kwenye majina ya ajabu.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama, Lindi, nimestaafu. Namba 2 anasema ubaguzi mahakamani ni wa Wamarekani. Baba yangu alikuwa tarishi bomani Lindi enzi za Mwingereza. Sheria ya 1929 iliweka mahakama za "wenyeji" peke yake: mshitakiwa akiwa Mwafrika anakwenda kwa liwali au kwa mtemi, na juu yao anakaa Bwana DC. Huyo DC asubuhi ndiye mkusanya kodi, mchana ndiye msikiliza rufaa. Mzungu na Mhindi walikuwa na mahakama zao, zenye mahakimu na mawakili. 1951 wakabadilisha jina zikawa mahakama za mitaa, mambo yale yale. Mpaka sheria ya 1963 ndipo mahakama zikaunganishwa, ikapatikana hii ya mwanzo, ya wilaya, mpaka Mahakama Kuu. Yaani mahakama moja kwa watu wa rangi zote nchi hii ni mdogo kuliko mimi kwa umri.

Na kwenye mahakama za wenyeji wakili alikuwa haruhusiwi. Sasa kama wakili haingii kwa Waafrika, Mwafrika asome sheria ili akamtetee nani? Ndiyo maana uhuru ulipokuja wanasheria weusi walihesabika kwa vidole, na ndiyo maana chuo kikuu kilipoanza Dar Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapanda, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi hawakufika hata 20, darasa liko kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Elimu ya sheria nchi hii ilizaliwa kama dawa ya ubaguzi. Sasa nyinyi mnauliza kama dawa inahitaji dawa.

#6 Kaka wa Tandahimba
Mzee umetisha. Lakini mimi naona mnazunguka mbuyu. Ubaguzi uliopo ni wa pesa, full stop. Mtoto wa mkulima wa korosho akimaliza shahada lazima aende Shule ya Sheria Dar, mwaka mzima, ada, kodi ya chumba, nauli. Halafu wanafelishwa wote. Ile 2022 si walifaulu watu 20 tu nchi nzima? Hapo kabila linaingia wapi?

#7 BintiMikindani
Namba 6, takwimu uweke sawa. Matokeo yaliyopigiwa kelele Oktoba 2022: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, walioondolewa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na sababu yake: vyuo vinadahili ovyo, shule inakomoa, Kiingereza kibovu, mikopo hakuna. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza hao 265 wanatoka mikoa gani na shule zipi.

#8 Kaka wa Tandahimba
26 na 20, nimekosea sita tu. Mwalimu wa mleta mada angenipa 8 kati ya 10.

#9 Kipusa wa Newala
Naomba niingie. Mimi si mwanasheria, ni msaidizi wa kisheria, sisi tunaotambuliwa na ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nakaa na wamama chini ya mwembe nasikiliza. Mnabishana kuhusu kicheko na ada. Mimi naona tatizo liko kwenye kilichoandikwa ndani ya daftari la mwanafunzi.

Nina bibi mmoja hapa. Kaka yake alifariki, kaacha mikorosho kwenye shamba la ukoo wa mama yao. Kwa mila zetu, mali ile inarudi kwa ukoo wa mama: dada wa marehemu na watoto wa dada. Mjomba na wapwa, ndivyo Wamakonde, Wamwera na Wayao tulivyolelewa. Watoto wa marehemu nao wanadai, wanasema baba ni baba. Tulianzia baraza la kata, likaamua bibi achukue nusu. Wakakataa, sasa ni shauri la mirathi mahakama ya mwanzo.

Hakimu ni kijana, mpole, katoka bara. Siku ya kwanza akamuuliza bibi: "Mtoto wa kiume yuko wapi?" Bibi akamtazama, akauliza: "Wa marehemu au wa kwetu?" Hakimu akadhani bibi hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa. Bibi naye akarudia kwa sauti kubwa. Wazee wa baraza wakainamisha vichwa kuficha meno.

Yule kijana si mbaya. Ila chuoni alifundishwa kwamba sheria ya mila ya mirathi ni Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Lile lilikusanywa kwa makabila ya ukoo wa baba. Sisi wa ukoo wa mama hatumo. Mila yetu mpaka mtu alete mashahidi kuithibitisha, ya wengine inatoka kabatini imechapwa. Huo si ubaguzi wa kumcheka mtu, hakuna aliyekusudia. Lakini umekaa kwenye karatasi miaka zaidi ya 60.

#10 BintiMikindani
Dada yangu Kipusa, hapo umegusa penyewe. Marekebisho madogo tu: tangu 2021 baraza la kata halina mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Ile "nusu" waliyompa bibi haina nguvu. Mwambie asiitegemee.

#11 Kipusa wa Newala
Ahsante wakili. Nilijua, lakini kumwambia bibi kwamba karatasi yenye muhuri haina kazi ni shughuli.

#12 Mgeni wa Liwale
Mimi Msukuma, mwalimu wa sekondari Liwale, mwaka wa nane sasa. Nilipopangiwa kusini, wenzangu ofisini waliniuliza nimemkosea nani.

Kipusa, unasema hamumo kwenye lile tangazo kama vile mmenyimwa zawadi. Sisi tumo. Unajua limetufanyia nini? Mjane hapati kitu kama kuna watoto, binti anakuja mwisho. Wajane wawili wa kutoka kwetu Shinyanga walifukuzwa kwenye nyumba za waume zao na shemeji zao, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani ikatupwa kwa sababu za kiufundi, wakaishia kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Kwa hiyo kuandikwa kitabuni nako kuna hasara yake. Shukuruni Mungu nyie mliachwa nje.

#13 Kaka wa Tandahimba
Na mmesahau sheria ya tatu. Marehemu alikuwa Mwislamu, au sio? Sheikh akikaa pale, dada wa marehemu hapati hata tawi kama marehemu kaacha watoto wa kiume. Kwa hiyo kwa mila bibi anachukua yote, kwa dini hachukui kitu, kwa baraza la kata nusu. Huyo hakimu hata angefundishwa kupinga ubaguzi usiku na mchana, ampe nani? Tena wale vijana ndio waliopalilia na kupulizia salfa miaka yote baba yao alipokuwa anaumwa. Nao wana haki.

#14 Kipusa wa Newala
Kweli kabisa, na sijasema bibi lazima ashinde. Nataka hakimu ajue swali la bibi lilikuwa swali.

#15 ChaleTatu
Ila njomba mnaandika sana. Hivi Dar kwa nini wakijua tu unatoka Lindi au Mtwara wanakuita "njomba"? Au "mmachinga"?

#16 Kaka wa Tandahimba
Machinga ni Kiingereza, "marching guy", watu waliokuwa wanatembea mtaani kama wanajeshi wanauza mashati. Wakaitwa hivyo, kikageuzwa.

#17 Mzee wa Mtanda
Hiyo ni chai, tena haina sukari. Wamachinga ni kabila la hapa Lindi, barabara ya kwenda Kilwa. Vijana wa huko walikwenda Dar kuuza vitu mkononi, jina la watu likawa jina la kazi. Leo hata Mchaga akiuza soksi Kariakoo anaitwa machinga, na mpaka majengo ya serikali yameitwa hivyo. Lipo kabila gani jingine nchi hii ambalo jina lake limekuwa neno la mtu asiye na duka?

#18 Mgeni wa Liwale
Namba 17, hilo sijawahi kulifikiria. Na "njomba" ndiyo inachekesha zaidi. Wanamtania mtu kwa jina la cheo. Kwa hapa mjomba ndiye anayeamua ndoa, jando, shamba. Ni kama wanakutukana kwa kukuita mheshimiwa.

#19 DukaLaKona
Nimekuwa nasoma tu. Mimi nimezaliwa Lindi mjini, baba kazaliwa Lindi, babu alishuka na jahazi. Kiswahili changu cha hapa hapa, nasema "nti" na "ntu" kama mleta mada. Uzi unazungumza ubaguzi wa rangi, mmeongelea Wamakonde, Wasukuma, Wamachinga. Sisi hamjatutaja hata kwa utani.

Niliwahi kuwa na kesi ya madai, mteja alichukua saruji na mabati kwa mkopo akakataa kulipa. Nilikuwa na risiti zilizosainiwa. Nikashinda. Kabla sijafika chini ya ngazi nasikia watu wanaambiana, "Mhindi kapenyeza." Mwaka uliofuata nikawa na kesi nyingine, nikashindwa. Hapo hakuna aliyesema kitu, haki ikawa imetendeka. Mahakama gani siitaji, na hakimu sina ugomvi naye.

Mwanafunzi wa sheria afundishwe na hilo. Kubaguliwa si lazima uwe maskini.

#20 TanuYajenga
Namba 19, ndugu yangu, wewe ndiye ushahidi wangu. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa uraia, wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere akasema wakipitisha ubaguzi wa rangi yeye na serikali yake wanajiuzulu. Ulipita uraia usiotazama rangi. Jambo lilikwisha siku ile.

#21 DukaLaKona
Lilikwisha kwenye karatasi mzee. TANU yenyewe ilitufungulia mlango wa uanachama 1963, uhuru ukiwa umeshapatikana. Na 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotwaliwa, sheria haikutaja rangi popote. Nenda mtaani kwetu uliza nani alitoka na sanduku. Silaumu, babu alisamehe, alibaki. Nasema tu kwamba sheria inaweza isitaje rangi na bado ikajua nyumba ya nani.

#22 TanuYajenga
Hapo umechanganya. Ile ilikuwa siasa ya ujamaa, walilengwa makabaila. Kama wengi walikuwa Wahindi ni kwa sababu mkoloni aliwapa nafasi ya biashara.

#23 BintiMikindani
Mnaona? Namba 21 na 22 wote wanasema kweli, na hakuna darasa la sheria nililokaa ambako maneno haya mawili yaliwekwa meza moja. Tulisoma ile sheria ya 1971 kama mfano wa mamlaka ya serikali juu ya mali. Vifungu, fidia, basi.

Nirudi kwenye Marekani kidogo, maana kuna kitu pale kinanivutia kuliko lile sharti la 2022. Mwaka 1929 mwanasheria mweusi, Charles Hamilton Houston, alikabidhiwa chuo cha sheria cha Howard, Washington, kilichokuwa cha masomo ya jioni. Akakigeuza cha kutwa, akabana mitihani mpaka wanafunzi wakamlalamikia. Hakuwahubiria kuhusu ubaguzi, wao waliujua toka tumboni. Aliwafundisha namna ya kuupeleka mahakamani: kesi ipi ianze, ushahidi gani, jimbo gani. Mmoja wao, Thurgood Marshall, alihitimu 1933. 1936 wote wawili wakalazimisha chuo cha sheria cha Maryland kumpokea mwanafunzi mweusi. 1950 Texas nayo ikashindwa: ilikuwa imemjengea mtu mmoja mweusi chuo chake pembeni, na mahakama ikasema chuo si vitabu tu, ni jina lake na watu utakaojadiliana nao. 1954 ikaja ile iliyokataza kutenga weusi na weupe kwenye shule za umma. Na huyo Marshall mwaka 1960 alikwenda London kuwasaidia akina Tom Mboya kuandika haki za binadamu za katiba ya Kenya, akipigania walindwe pia Wazungu na Wahindi wachache wa huko.

Kwa hiyo somo la kuwa mwema silitaki. Nataka somo la kuandaa kesi.

#24 Kaka wa Tandahimba
Wakili, sisi tumeshaambiwa haki tunazo. Ibara ya 13 ipo. Haki za binadamu zimo kwenye Katiba tangu 1984. Kesi za kubaguliwa kwa kabila ziko ngapi? Tutajie.

#25 BintiMikindani
Kabila peke yake, kwa kweli sina ya kukutajia hapa. Ya jinsia ipo inayofundishwa kila chuo: Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Mama wa Kihaya aliuza shamba alilorithi, mpwa wake akadai mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na Katiba. Moja inayokaririwa na kila mtu. Ukikariri kesi moja miaka zaidi ya 30, ujue hazizaliwi.

#26 Mzee wa Mtanda
Hazizaliwi kwa sababu mtu akicheka hakuna risiti.

#27 Dereva wa Mangaka
Mimi sijasoma, naendesha fuso. Nauliza tu: hizi habari za vitambulisho vya taifa ni sheria au si sheria? Mtu wa Nanyumbu au Tandahimba akienda kuomba, maswali anayoulizwa si ya mtu wa Moshi. Bibi yako kazikwa wapi? Sema neno hili Kimakonde. Chale hizi ni za upande gani wa Ruvuma? Mdogo wangu alirudishwa mara nne na ofisi moja siitaji jina, mara ya mwisho aliambiwa sura yake ni ya Kimawia, yaani ya Mmakonde wa Msumbiji. Mimi kitambulisho ninacho, baba mmoja mama mmoja, sura moja.

#28 Mgeni wa Liwale
Hiyo ya "sura ya Kimawia" ni ubaguzi wa kitabuni kabisa, TanuYajenga njoo ujibu. Kenya Wamakonde waliokwenda kufanya kazi kwenye mkonge na miwa miaka ya 1930 walikaa bila uraia mpaka Oktoba 2016, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Kenyatta. Baada ya hapo wakapewa vitambulisho, wakahesabiwa kabila la 43.

#29 TanuYajenga
Mpaka lazima ulindwe, hilo si la mjadala. Lakini la sura, hapana. La sura nalikataa. Huyo ofisa angeshitakiwa.

#30 ChaleTatu
Angeshitakiwa au angenshitakiwa?

#31 Chipukizi wa Naliendele
Nimerudi, mtandao huku ulikata jana nzima. Ahsanteni wote. Nilikuja na kicheko kimoja mmenirudishia gunia.

Wengi mmeniuliza kwa inboksi kwa nini nisiseme tatizo ni Kiingereza. Nilikuwa nafikiri hivyo. Ile 1 Februari 2021 Rais Magufuli alipompandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, mimi nilipiga vigelegele hosteli. Nikasema sasa mtoto wa kijijini atapumua, maana masomo yetu yote bado ni Kiingereza na wengi tunafelia pale.

#32 Mzee wa Mtanda
Mahakama ya mwanzo ilikuwa Kiswahili siku zote mwanangu, hukusikia watu wa huko wakipumua.

#33 Kipusa wa Newala
Mzee kanipokonya neno. Chipukizi, hebu fikiri: ulichekwa siku gani? Siku ya Kiswahili. Kwenye Kiingereza wote darasani mnatamka vibaya, mnasitiriana. Kikija Kiswahili ndipo inajulikana nani wa pwani ya Tanga, nani wa bara, nani kasema "nshitakiwa". Sheria ya 2021 ni nzuri, nami naishangilia, lakini imehamishia mlango kwenye ulimi wetu. Na bibi yangu Kiswahili chenyewe anakisikia kwa nusu. Akiongea Kimakonde anatafsiriwa na karani, na karani anafupisha. Juzi bibi kaongea dakika tano, karani kamwambia hakimu: "Amekataa."

#34 Mgeni wa Liwale
Kwenye hilo la karani hata sisi Wasukuma mnatuonea, maana karani wa kwetu alikuwa anaongeza.

#35 BintiMikindani
Kipusa sikubaliani nawe nusu. Kwa lafudhi huchekwa mtu mmoja mmoja, Kiingereza kinafunga geti zima. Ukinipa kuchagua nachagua kuchekwa. Nimeshachekwa sana, mimi wa Mikindani, na bado naingia Mahakama Kuu.

#36 Kipusa wa Newala
Wewe uliingia. Waliochekwa wakatoka hawamo kwenye uzi huu.

#37 Kaka wa Tandahimba
Jamani nimesema ni pesa. Mngenisikiliza namba 6 tungeshalala. Mnada wa korosho wiki hii umekaaje upande wa Newala?

#38 Chipukizi wa Naliendele
Dada Kipusa, shauri la bibi linatajwa lini? Naomba nije nikae nyuma nisikilize. Si kama wakili, sijaapishwa. Niandike tu bibi anachosema na karani anachotafsiri, safu mbili.

#39 Kipusa wa Newala
Jumatatu saa 3. Njoo na nauli yako, na ming'oko, vile viazi pori vyetu, utakula kwangu. Kimakonde unakisikia vizuri?

#40 Chipukizi wa Naliendele
Nakisikia. Kuongea ndiyo mtanicheka.

#41 ChaleTatu
Zipo za kubeba hizo ming'oko? Nauliza kwa niaba ya haki.

#42 Chipukizi wa Naliendele
Mrejesho. Tumefika saa 2 na nusu, tumekaa kwenye benchi la nje mpaka saa 6. Shauri limeahirishwa mpaka tarehe 14, hakimu kaitwa kikao wilayani. Nilichopata ni kimoja: karani alitoka kuita majina, jina la bibi akaliita mara tatu na kulikosea mara zote tatu, kila mara kosa jipya. Bibi hakuitika. Kipusa akamgusa bega, bibi akasema kwa Kimakonde, "Namngoja huyo anayeitwa asimame, nimwone."

#43 DukaLaKona
Karani alilitamkaje?

#44 Kipusa wa Newala
Siandiki hapa. Ila Chipukizi kaandika kwenye daftari lake, safu mbili, na safu ya karani ina mistari mitatu.